Nusu Dakika ya Giza

Neiafu, Vava'u
2 Aprili 2024

Bwana Warwick Pengelly,

Mmenifungia mlango wa jukwaa la mtandaoni la Safu ya Nyuma, kwa hiyo nakuandikia kwenye anwani yako ya barua pepe, ile uliyoiweka chini ya kanuni kwa ajili ya malalamiko. Hili si lalamiko. Mtu humlalamikia anayemkubali kuwa hakimu wake.

Miaka kumi na moja nimeandika humo juu ya filamu. Maandiko mia sita na arobaini, niliyahesabu Januari. Nimebishana na watu wa Perth, wa Dunedin, wa Suva, na yule kijana wa Brisbane anayejiita Siagi ya Bisi, ambaye hajatazama filamu hata moja iliyotengenezwa kabla hajazaliwa lakini ana maoni juu ya zote. Nimeitwa kichwa ngumu, mama mkwe wa jukwaa, mwalimu wa zamu. Nilizipokea kama salamu. Wiki iliyopita mmeniita mwongo, na hilo silipokei.

Kosa langu ni kusema ninachokijua juu ya filamu ya kale ya Australia, Kisima cha Wilgara. Nora, mjane mwenye kisima, anakutana na Dunstan, mchunga ng'ombe, kando ya tangi la maji. Skrini inakuwa nyeusi nusu dakika nzima, na ndani ya giza hilo tunamsikia Nora peke yake. Tangu mwaka 2013 nasema hakuna mtengenezaji wa Australia aliyethubutu kitu kama hicho, kumnyima mtazamaji picha ili amlazimishe kusikia. Nairudia hotuba yenyewe hapa kwa kichwa, uone kama hivi ndivyo waongo wanavyokumbuka:

"Usiniguse bega. Mume wangu alichimba hapa siku arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa juu nikivuta mawe kwa kamba. Kiganja changu cha kulia hakifungi mpaka leo. Ukitaka maji, kunywa, na ng'ombe wako wanywe. Ukitaka kisima, nitakuzika humo."

Mwanga unarudi. Nywele za Nora zimevurugika, kofia ya Dunstan iko mavumbini, wote wawili wanahema. Mwanamke ametoka kupigana. Niliyaona haya nikiwa na miaka tisa, Ijumaa moja ya mwaka 1979, kwenye ukumbi wa kanisa hapa kisiwani, Neiafu. Baba yangu, Penisimani Vea, alisimama kando ya mashine kama kila Ijumaa, sauti ya Kiingereza ameishusha, akitusimulia filamu kwa lugha yetu, neno kwa neno.

Siagi ya Bisi akaandika, "Labda umeme ulikatika, mama." Watu arobaini wakamchekea. Nilimjibu kwamba umeme wetu hukatika sana lakini haujawahi kuhutubia. Kesho yake mkanifungia.

Nifungulieni.

Kalolaine Vea
Mkutubi, shule ya sekondari

---

Launceston, Tasmania
4 Aprili 2024

Bi Kalolaine,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Nimekuwa mwendesha mashine za sinema miaka thelathini na minne, hapa na kule Burnie. Kisima cha Wilgara nimekizungusha kwa mikono yangu pengine mara mia. Hakuna giza. Pale kwenye tangi hakuna anayesema neno lolote. Wanabusiana, Bi Kalolaine. Sekunde ishirini na nane. Nilizihesabu nilipokuwa kijana na sina cha kufanya. Ndiyo sababu nywele ziko vile. Wewe ni mtu pekee duniani anayeamini walikuwa wanapigana.

Usidhani nafurahia. Mwaka 2016 mwanachama mmoja alitueleza tukio la mafuriko katika filamu nyingine ya kale, kwa undani kama wako. Tuliwaandikia wahifadhi wa filamu wa nchi tatu. Bibi mmoja wa Adelaide, aliyekuwa mhariri wa filamu ile, alitumia miezi yake ya mwisho akipekua makopo ya mikanda gerejini kwake, akilia kwamba ameisahau kazi yake mwenyewe. Mafuriko hayakuwapo. Jamaa alikuwa anajifurahisha. Ndipo nilipoiandika Kanuni ya Nne: anayebuni tukio la filamu aandike hadharani kwamba alibuni, asipoandika, maandiko yake yote yanafutwa, maana hatujui lipi lingine kalibuni.

Kwako ni sentensi moja tu: "Hotuba ya mjane niliibuni." Iandike, mlango unafunguka, na kila kitu chako kinabaki. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Wasimamizi tuko watatu na tumekubaliana.

Nimekutumia diski ya filamu kwa posta. Itazame kabla ya kunitukana.

Warwick Pengelly

---

Neiafu
7 Aprili 2024

Bwana Warwick,

Nakutukana kabla, ili diski isinicheleweshe.

Wewe umezungusha filamu mara mia na hukuisikia hata mara moja. Hilo nalijua kwa waendesha mashine: wanasikiliza mashine. Wahariri hukata, wasambazaji hukata, kila nchi hupewa mkanda wake. Mkanda uliofika Vava'u ulikuwa na giza. Wa kwenu ulipunguzwa. Hukufikiria hilo, kwa sababu kwako kilicho Launceston ndicho kitu chenyewe na kilicho Neiafu ni kumbukumbu ya bibi.

Sasa nikwambie mnachotaka kufuta. Baba yangu alisimulia filamu sabini na tatu katika ukumbi ule. Alifariki mwaka 2009. Hakuna aliyewahi kunasa sauti yake. Nilichokumbuka, filamu moja moja, nimekiandika Safu ya Nyuma, moja kwa moja kwenye kompyuta ya shule saa ya chakula, bila nakala, kwa sababu nilidhani niko miongoni mwa watu wanaojali filamu. Mlango mmefunga nami siwezi hata kuingia kuyanakili. Mkiyafuta, baba anakufa mara ya pili, na safari hii mnamzika ninyi.

Na bado sentensi hiyo sitaiandika. Leta diski.

Kalolaine Vea

---

Neiafu
30 Aprili 2024

Kaka Sateki,

Salamu kwako na kwa wenzako wa mashamba ya mizabibu. Makaburi nimeyafyeka, picha nitakutumia.

Diski ya yule Mzungu imefika. Jumamosi nilijifungia maktaba, taa zote nimewasha, nikaitazama. Nilipofika penye tangi la maji nilisimamisha. Nikarudisha. Nikatazama tena. Sitakuandikia nilichokiona, unajua kwamba siwezi kukuandikia.

Giza halipo, kaka. Hotuba haipo. Nilikaa pale na daftari langu kama mjinga. Unakumbuka niliwahi kuandika makala ndefu juu ya giza katika filamu za kale za Australia? Nilitaja filamu kumi na saba, nikaeleza falsafa yake. Watu walinisifu. Sasa nazihesabu zile kumi na saba, na zote nilizitazama ukumbini kwetu.

Wewe ulizoea kukaa na wavulana nyuma, karibu na mashine. Mimi nilikuwa mbele na akina mama, nisingeweza kugeuka. Niambie ulichokiona. Baba alikuwa hajui Kiingereza akatubabaisha? Kama alitudanganya, niambie waziwazi. Nina mwezi mmoja wa kuamua kama niandike kwamba nilibuni ili niyaokoe maandiko, na siwezi kuamua bila kujua nani alibuni.

Dada yako,
Kalolaine

---

Robinvale, Victoria
4 Mei 2024

Dada yangu Kalolaine, mkubwa wangu kwa heshima ingawa nilitangulia kuzaliwa,

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Kuna jambo nimelibeba miaka arobaini na mitano, na nimelibeba kwa sababu ya kitu kile kile ambacho wewe hukukiandika. Nitalizunguka, na wewe utanielewa.

Baba alijua Kiingereza kuliko mchungaji. Usimtilie shaka upande huo.

Unakumbuka kofia yake ya ukili, ile pana? Haikuwa ya jua. Alikuwa akifika mlangoni mwa ukumbi anawatazama wanaoingia: huyu na kaka yake, yule na dada zake wanne. Kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Dada yako yumo?" Namjibu yumo. Anavua kofia. Kila filamu aliitazama kwanza Alhamisi, peke yake, akijua wapi patakuja pale ambapo mimi na wewe hatuwezi kuwa chumba kimoja. Ikifika, kofia mbele ya lenzi. Ukumbi giza. Naye anaendelea kusimulia bila kuvuta pumzi.

Asingefanya hivyo, dada, sisi wote wenye dada tungesimama tutoke. Unajua ndivyo ilivyo. Na aliyetoka hakurudi, kwa aibu. Ukumbi wa mzee Falakiko kule ng'ambo ya bandari ulikufa hivyo, filamu ikifika katikati wamebaki wajane na mbwa.

Nilijuaje kilichokuwa nyuma ya kofia? Jumatatu moja baba aliwaonyesha wapakuaji wa meli filamu ile ile, wanaume watupu, nami nikambebea mikanda. Kofia ilikaa kichwani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Pale kwenye tangi alinyamaza kimya. Hotuba haikuwapo. Nilimuuliza njiani tukirudi. Akasema, "Ile ni ya Ijumaa."

Sasa jambo jingine, nalo si la aibu. Umeandika miaka kumi na moja juu ya kiganja cha Nora kisichofunga. Birika la maji ya mvua nyuma ya nyumba yetu, unadhani nani alilichimba kwenye jiwe? Baba. Na nani alikuwa juu na kamba? Ulikuwa hujazaliwa. Lakini umekula mkononi mwa mama miaka yote, dada. Alikuwa anashikaje kisu?

Nisamehe kukaa kimya.

Kaka yako,
Sateki

---

Neiafu
12 Mei 2024

Bwana Warwick,

Uko sahihi. Katika filamu yako hakuna giza wala hotuba. Nimeiona mara sita. Giza lilikuwa kofia ya baba yangu, na hotuba aliitunga yeye kutokana na mkono wa mama yangu uliolemaa. Nimejua juzi, nikiwa na miaka hamsini na nne. Nilikutukana juu ya mikanda iliyopunguzwa, na hilo tusi naliondoa. Mengine yabaki hapo hapo.

Kwetu kaka na dada hawatazami pamoja mapenzi ya skrini. Mkianza kubusiana huko kwenu, kaka anasimama anatoka. Msinihurumie na msinifundishe uhuru. Nimesoma vitabu vyenu vyote juu ya jambo hilo, nimeviorodhesha maktaba kwa mkono wangu. Baba yangu alikuwa na watu mia mbili ukumbini, karibu wote kaka na dada wa mtu mwingine ndani ya ukumbi ule ule, na filamu zilizotengenezwa na watu ambao hawakuwafikiria hata kidogo. Angeweza kukata mkanda. Hakukata, alikuwa anaurudisha mzima kwa boti ya Jumatano. Angeweza kunyamaza gizani. Alichofanya ni kukaa chini siku ya Alhamisi na kumtafutia yule mjane jambo la kusema, kwa sababu watengenezaji walimsahau. Dakika themanini mwanamke yule anahangaika na kiu, na anapokutana na mwanamume anayekitaka kisima chake, filamu yako haina la kumpa ila midomo.

Mnataka niandike "niliibuni." Sikuibuni. Niliisikia. Nikiandika sentensi yenu nitakuwa nimesema uongo wa kwanza katika miaka kumi na moja, na nitausema ili kuyalinda maandiko ya mtu ambaye hakumwacha hata mtoto mmoja atoke ukumbini. Futeni.

Najua msimamizi wenu wa pili amependekeza yahamishiwe kwenye ukurasa wa vichekesho. Siagi ya Bisi kaniandikia kwenye anwani ya shule, maskini, akidhani ananiletea habari njema. Nilimwambia, "Mwanangu, kahamishie huko maoni yako, yatapata wenzao." Akanijibu, "Sawa, mama, nimestahili."

Lakini kama mnapenda ukweli kiasi hicho, anzeni na wenu. Kila uhakiki wa Kisima cha Wilgara ulioko Safu ya Nyuma uwekewe juu yake maneno haya: "Aliyeandika haya aliitazama peke yake." Wewe uliitazama mara mia kupitia kidirisha cha chumba cha mashine. Mlipanga nyota, mkabishana nani bora kuliko nani, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kutazama filamu huku akiwajibika kwa mtu aliyekaa safu ya pili.

Kalolaine, binti Penisimani

---

Launceston
1 Juni 2024

Bi Kalolaine,

Nimefuta. Jana saa sita mchana, kama kanuni inavyosema. Wenzangu wawili walilegea, mimi sikulegea. Kanuni niliiandika kwa ajili ya yule bibi wa Adelaide, na nikiipinda kwa mtu ninayemheshimu itakuwa kanuni kwa ajili ya nisiowaheshimu tu.

Kabla ya kufuta nilichapa. Kurasa elfu moja mia moja na sita, pande zote mbili, na mashine yangu ya kuchapa imekufa ikiwa kazini. Zimeondoka kwa posta, masanduku mawili. Nilizisoma zikitoka. Niliacha kulala vizuri siku nne.

Nilirudia filamu nikiwa na ukurasa wako magotini. Walipofika kwenye tangi niliinua kofia yangu mbele ya runinga na kusoma maneno ya baba yako kwa sauti. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikamwambia njoo ukae. Katika miaka thelathini na minne ya kazi yangu hakuwahi kuitazama nami. Mimi nilikuwa juu, yeye chini.

Ingia ukurasa wa Kisima cha Wilgara, kusoma nimekufungulia. Utaona uhakiki wangu wa mwaka 2011 una mstari mpya juu. Ni wako, sikubadili neno. Wengine wananiuliza maana yake nini. Siwajibu.

Swali la mtu wa mashine: kofia ya ukili, karibu na taa ile, sekunde ishirini na nane. Haikunuka kuungua?

Warwick

---

Neiafu
22 Julai 2024

Bwana Warwick,

Masanduku yamefika, moja limelowa upande. Sikushukuru. Ulifuta, na nitakuwa na hasira na wewe mpaka nizeeke. Lakini kurasa nimezipanga rafu ya tatu maktaba, zina namba, na zinaazimwa.

Kofia ilinuka. Sateki anasema ilikuwa na alama ya kahawia kama chapati iliyoachwa kwenye chuma cha moto, na mama alililaumu jua.

Ijumaa tumekionyesha Kisima cha Wilgara ukumbini, kwa diski yako. Sauti ya Kiingereza niliishusha. Nilisimama kando ya mashine ambapo hapajawahi kusimama mwanamke, na mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Kalolaine, hapo ni pa baba yako." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ndiyo maana nimesimama." Akaenda kukaa.

Walijaa. Vijana walikuja na simu zao, ambazo ndani yake wanaona makubwa kuliko ya Nora kila siku, kila mmoja peke yake. Sateki alikuwa amerudi likizo. Mtu huyu hutoka sebuleni kwangu tangazo la sabuni likianza kuwa na tabasamu nyingi. Alikaa safu ya pili, karibu na mlango, viatu hajavua.

Tangi la maji lilipotokea, nikaona anakusanya miguu yake asimame. Nikaweka kofia ya ukili mbele ya lenzi. Ukumbi ukawa mweusi. Msichana mmoja akasema, "Shangazi, ondoa kofia, tunajua," na kaka yake akamwambia, "Nyamaza wewe, mimi niko hapa," na watu wakacheka.

Nilianza. Usiniguse bega. Mume wangu alichimba hapa siku arobaini. Nilipofika kwenye kiganja, sauti ilinikatika. Miaka yote nimeyaandika maneno yale, sikuwahi kuyasema. Nilisimama na mkono juu ya lenzi, kofia inapata moto.

Ikatoka gizani, safu ya pili, sauti ya mwanamume, taratibu, kama mtu anayesoma Maandiko: "Ukitaka maji, kunywa, na ng'ombe wako wanywe."

Akangoja. Akaniachia la mwisho.

"Ukitaka kisima," nikasema, "nitakuzika humo."

Nikaondoa kofia. Mwanga ukarudi. Kaka yangu alikuwa amekaa. Na Nora alisimama kando ya tangi, nywele zimevurugika, anahema, ametoka kupigana.

Kalolaine